Sanduku la Niyonsaba Halifunguki

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Mimi Evaristi Nsengimana, mtu wa redio, Kibondo, naanza daftari hili kwa mkono wangu mwenyewe. Shule nilisoma miaka miwili, na elimu ya watu wazima niliimaliza nikapigiwa makofi, kwa hiyo anayesoma asicheke mwandiko. Nimeongea redioni miaka ishirini na saba. Nilianza misheni, nikaenda serikalini, sasa niko kwenye shirika hili linalopeleka maji kwenye kambi za wakimbizi. Sauti yangu wanaijua Kasulu na Kigoma. Wengine wanapayuka, mimi nasema mara moja na nasikika.

Leo Bwana William, mkuu wetu wa ofisi, mtu wa Tanga, ameniita. Kasema umri wangu umefika, nitapumzika kwa heshima na cheti chenye muhuri. Lakini kwanza nimkabidhi redio Niyonsaba, mwanamke aliyeajiriwa juzi, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni. Na kukabidhi kutakuwa kumekwisha siku sanduku lake la barua litakapofunguka kwenye kompyuta.

Sanduku hilo si la mbao. Liko ndani ya mashine. Barua inaandikwa Kasulu, inapita kwenye redio yangu ikilia kama nyigu ndani ya debe, inaingia kwenye sanduku la mwenyewe, naye anafungua kwa neno lake la siri. Taarifa za usalama siku hizi zinakuja humo tu, kwa hiyo asiye na sanduku haruhusiwi kukaa zamu peke yake. Masanduku sita ya hapa yaliwekwa mwezi wa nane, fundi alipokuja na gari. Hili la saba litatengenezwa Kasulu na binti wa kompyuta, Careen, halafu lije lenyewe.

“Siku mbili tatu, mzee,” kasema Bwana William.

Vizuri. Nina shamba bondeni Murungu linanisubiri. Msimu uliopita sikulilima kwa ajili ya zamu hizi za kila siku.

4 Novemba
Nimeanza kumfundisha Niyonsaba. Anaandika kila neno langu kwenye daftari la mistari, hata nikikohoa nadhani anaandika. Nimemfundisha kuita na kuitika. Nimemfundisha asile kitu chenye mafuta karibu na kipaza sauti. Nimemfundisha kwamba masika saa kumi na mbili jioni unachomoa waya wa antena, unautoa dirishani, kichwa chake unakitia kwenye chupa ya soda mpaka asubuhi. Mwaka 1971 misheni radi ilishuka na waya ikapasua meza na kumchukua mwenzangu Yohana na kikombe chake mkononi. Tangu hapo hakuna radi iliyonikuta na waya. Redio yenyewe naiacha inawaka, taa yake ya kijani inanitazama. Nimemfundisha pia namna ya kukalia kiti, maana kina mguu mbovu.

7 Novemba
Sanduku bado.

12 Novemba
Mvua kubwa. Nimemwita Careen.

“Kasulu, Kasulu, hapa Kibondo.”

“Nakupata mzee, shikamoo, ova.”

“Marahaba. Sanduku halijafika.”

“Nimelitengeneza mzee, naliona hapa mbele yangu.”

“Unaliona wewe. Sisi tunaona Kiingereza.”

Niyonsaba akanisomea kilichoandikwa kwenye kioo: mtumiaji huyu hajulikani.

“Hajulikani vipi?” nikasema hewani. “Nimekaa naye meza moja!”

Careen akacheka. Sikupenda. Mtoto wa Dar, hajui hata mvua ya huku inatokea upande gani.

13 Novemba
Amelifuta akalitengeneza upya. Bado.

21 Novemba
Careen kasema labda jina ni refu. Amelikata. Niyonsaba kasema, “Wamenikata kichwa na bado hawanijui.” Nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba mimi si mtu wa kucheka zamuni.

Barua za wengine zinaingia asubuhi na alasiri bila tabu. Ya Bwana William peke yake inajaza nusu saa. Kwa nini la huyu tu?

30 Novemba
Esteri, mke wangu, ametuma neno kwa muuza vitunguu. Mwenyekiti wa kijiji, Anania, ametangaza: watu wasio na ardhi wamekuwa wengi, kwa hiyo Jumamosi ya 14 Februari atapita bondeni na kamba. Sehemu ya shamba iliyolimwa inabaki kwa mwenyewe. Isiyolimwa inakatwa, anapewa mwingine.

Shamba lile nilipewa mwaka wa 1974, nililing'oa visiki kwa mikono hii. Esteri hawezi jembe tangu alipoanguka akaumia nyonga. Vibarua wote wako kambini wanachimba mitaro. Wa kulima ni mimi.

Nimekwenda kwa Bwana William, nikamweleza. “Mzee Evaristi, nakuelewa,” kasema, “lakini chumba cha redio hakiachwi hata siku moja. Likifunguka leo, kesho nenda.”

Nikitoka bila kukabidhi, hakuna cheti. Na hata bila cheti, sijawahi kuinuka kwenye redio bila mtu wa kunipokea, na sitaanza uzeeni.

5 Desemba
Bado.

6 Desemba
Bado. Mvua.

9 Desemba
Careen kasema labda mashine yetu imejaa. Kila mtu afute barua za zamani. Watu watano wamefuta. Bwana William amekataa, kasema zake ni za kazi. Niyonsaba amesoma vichwa vya barua hizo kwa mbali, kaniambia nyingi ni za matokeo ya mpira.

11 Desemba
Bwana William amefuta. Amenuna siku nzima. Sanduku bado.

16 Desemba
Bonde la Malagarasi limejaa, magari hayapiti. Careen alitaka kuja mwenyewe, hawezi. Tumezungumza muda mrefu leo, ananiuliza kama daktari anavyomwuliza mgonjwa.

“Umeme wa betri unatosha, mzee?”

“Unatosha na kubaki.”

“Kompyuta mnaizima jioni?”

“Haizimwi.”

“Na redio? Inawaka jioni?”

“Binti, redio hii haijazimwa tangu nilipoikalia. Hata nikiumwa inawaka. Andika hivyo.”

“Sawa mzee, nimeandika. Basi kosa liko kwangu. Nitatafuta tena.”

Nikamwambia Niyonsaba: unasikia, amekiri mwenyewe. Niyonsaba akaandika na hilo daftarini.

25 Desemba
Krismasi nimekula wali wa kambini kwenye chumba cha redio. Wakati wa jioni radi ilipiga mvule wa kanisani, nikauona moshi. Waya wangu ulikuwa chupani. Nilijisifu peke yangu maana hapakuwa na mtu.

Chumba hiki ni hatua nne urefu na hatua tatu upana. Nimezihesabu leo. Sikuwahi kuzihesabu.

2 Januari 1998
Neno la Esteri, safari hii kwa barua aliyoandikiwa na katekista: “Evaristi, magugu yamefika kiunoni. Jirani wananiuliza kama nimefiwa na mume. Nimewajibu bado anaongea redioni.”

Sikulala vizuri.

6 Januari
Dereva wetu Marcel amevuka Malagarasi kwa mtumbwi na nusu ya njia kwa baiskeli, amekuja na kisahani kidogo cheusi cha kompyuta ambacho Careen amekitia sanduku ndani yake, akakifunga kwa mifuko mitatu ya nailoni. Ofisi nzima tulisimama. Marcel alikitoa kama mtu anayetoa kifaranga kwenye yai. Niyonsaba akakiingiza. Mashine ikakoroma, ikasema haisomeki. Tulipokitikisa kikatoa maji.

Marcel alikaa chini akavua viatu. “Nimebeba tone la Malagarasi kilomita themanini,” kasema.

13 Januari
Bado. Nimemkemea Careen hewani mbele ya vituo vyote. Nimemwambia ameketi kwenye kiti kikubwa kuliko akili yake, na kwamba mimi nikiwa na umri wake nilikuwa naunga redio kwa waya wa uzio. Halafu akasema taratibu, “Samahani mzee. Najitahidi. Ova.”

Vituo vyote vilikaa kimya. Nilidhani wananistahi.

19 Januari
Bwana William ameniita na Niyonsaba pamoja. Kasulu wameandika: miezi ya majaribio ya Niyonsaba inaisha tarehe 31. Mtu ambaye hajatuma hata ripoti moja kwa jina lake hawawezi kumthibitisha. Halafu kasema Careen ana barua moja ya onyo tayari, na sanduku hili litamletea ya pili.

Niyonsaba alisema, “Nimeelewa,” akarudi mezani akaendelea kuandika orodha ya matangi. Ana watoto watatu na mume wake yuko kambi ya Mtendeli, miguu haina nguvu. Yote haya nimeyajua leo kwa Marcel. Nimekaa naye miezi miwili na nusu sijamwuliza chochote zaidi ya kama amenielewa.

Siku ishirini na sita kabla ya kamba ya Anania.

Jumamosi, 24 Januari
Naandika usiku huu huu.

Leo hewani palikuwa patulivu, nikamwita Careen. Nilitaka kumkemea tena, lakini sikupata neno jipya, basi nikamwuliza tu kama mtu: “Hebu niambie binti, hili sanduku linakuja kwa njia gani hasa? Mbona barua zinakuja na lenyewe haliji?”

Akashangaa kuulizwa. Akasema: “Barua zinapita mara mbili, mzee, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Lakini orodha ya majina ya wenye masanduku ni ndefu, inapita peke yake, hewa ikitulia. Kila siku saa moja jioni mashine ya hapa inaita ya kwenu na kuisomea majina. Ya kwenu ikishasikia jina, sanduku linafunguka.”

“Saa moja jioni.”

“Ndiyo mzee. Kila siku. Mashine yangu inasema imeita, haikuitikiwa. Ndiyo nashindwa kuelewa, na redio yako inawaka.”

Nikasema ova. Nikaweka kipaza sauti chini.

Redio inawaka. Taa yake ya kijani inawaka. Na hiyo saa moja waya unakuwa nje kwenye chupa tangu saa kumi na mbili. Kila jioni, tangu 3 Novemba, Kasulu inaita jina la Niyonsaba na mimi nimeziba masikio ya mashine kwa mkono wangu, nikajisifu, nikaenda kula.

Nilipogeuka Niyonsaba alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake.

“Umesikia?” nikamwuliza.

“Nimesikia, baba.”

“Ulikuwa unajua?”

Akatazama chini. “Wiki ya pili ya Januari nilisoma kitabu cha mashine, hiki cha Kiingereza. Nikaona saa moja jioni. Nikafikiri labda mzee anajua jambo ambalo kitabu hakijui. Ulinifundisha waya ukibaki mtu anakufa.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesemaje? Ulikuwa unamkemea Careen, vituo vyote vinasikia. Mimi ni mgeni hapa, na wewe ndiye mwalimu wangu. Nikisema mbele za watu Mzee Evaristi amekosea, nani atanisalimia kesho?”

“Ungenong'ona.”

“Baba, wewe hunong'onezwi.”

Alisema bila ubaya.

Saa kumi na moja na nusu mawingu yalipanda kutoka upande wa Burundi, meusi, yananguruma. Saa kumi na mbili ikafika. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye waya. Nikaurudisha. Ukaenda tena. Niyonsaba alitaka kukaa nami, nikamfukuza aende nyumba ya pili, nikamwambia kama ni kufa tusife watu wawili kwa ajili ya jina moja.

Nilikaa kwenye zile hatua nne kwa tatu. Sikukaa kwenye kiti cha chuma, nilikaa juu ya gunia la mchele kona ya mbali, miguu nimeikunja. Radi ya kwanza ilipiga mbali. Ya pili karibu, redio ikatoa mlio kama mtu aliyekanyagwa. Nilimwona Yohana na kikombe chake. Niliwaza: inuka Evaristi, chomoa, hakuna anayejua, kesho mtamlaumu Careen kama kawaida. Nami ningebaki hapa wa lazima, mtu asiyeachwa hata siku moja. Nakiri kwenye karatasi hii kwamba wazo hilo lilikuwa tamu kidogo.

Saa moja redio ikaanza kulia kama nyigu. Ikalia. Radi ikakata, ikanyamaza, ikaanza tena. Dakika kumi na nane. Halafu kimya, na mvua tu juu ya bati.

Nilichomoa waya nikiwa nimepiga magoti.

25 Januari
Sanduku limefunguka.

26 Januari
Ofisi nzima inamshukuru Careen. Yeye mwenyewe kasema hewani, “Sijui nimefanya nini, limefunguka lenyewe,” na Bwana William kasema hiyo ndiyo tabia yake, hajui anachofanya. Vituo vikacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nilikibonyeza. Nikakiachia.

Niyonsaba hakunitazama. Alikuwa anatuma ripoti yake ya kwanza.

30 Januari
Niyonsaba amethibitishwa. Mimi nimekabidhi. Hotuba ya Bwana William ilikuwa ndefu, soda zilikuwa za moto. Cheti kina muhuri. Nimekisoma mwenyewe mpaka mwisho, kinasema uaminifu uliotukuka.

1 Februari, Murungu
Magugu si kiunoni. Yako kifuani.

2 Februari
Nimelima. Mgongo.

3 Februari
Mgongo.

6 Februari
Esteri ameketi kwenye mkeka kandoni, anang'oa mizizi niliyoiacha na kumwaga maneno. Kila anayepita njiani anaambiwa habari za binti wa Kasulu aliyemfunga mume wake miezi mitatu. “Msichana wa kompyuta,” anasema, “hajui kufungua sanduku, na shamba letu linakwenda hivyo.” Wanawake wanatoa sauti ya huruma. Leo mmoja kamwombea Careen mabaya kwa jina lake. Mimi nimeinama nalima.

9 Februari
Mwenyekiti Anania alipita. Kijana, lakini anajua kuamkia. Akaona nimelima hata robo sijamaliza.

“Mzee wangu, nimesikia ofisi ndiyo iliyokuzuia. Basi niletee barua yao, iseme kosa ni la nani na tarehe zake. Nikiwa na barua mkononi naweza kukuongezea mpaka mwisho wa Machi. Bila barua kamba inapita, maana wengine nao watadai.”

Esteri alipiga makofi. “Kesho asubuhi anakwenda Kibondo!”

10 Februari, Kibondo
Bwana William hata hakuniuliza mara mbili. “Barua hiyo nakupa saa hii,” kasema, “na nakala inakwenda kwenye faili la Careen. Itamalizia habari yake hapa kazini.” Akamwita Niyonsaba aipige chapa.

Niyonsaba alikaa mbele ya mashine. Sasa anakalia kiti changu, ameufunga ule mguu mbovu kwa mpira wa baiskeli, mimi sikuwahi kufikiria hilo. Akaandika tarehe. Akaandika kwa yeyote anayehusika. Halafu mikono yake ikakaa juu ya vibonyezo, akasema kwa sauti ya chini sana, ya kunong'ona kabisa: “Niandike kosa la nani, baba?”

Redio ikaita. Ilikuwa Careen. Niyonsaba akaitika, Careen akasikia nipo. “Mzee upo? Shikamoo! Shamba linaendeleaje? Nilikuwa nakuombea, najua nilikuchelewesha. Ova.”

Nilisema marahaba. Nilisema shamba linaendelea. Nilichukua kofia yangu.

“Barua je?” kasema Niyonsaba.

“Acha,” nikamwambia. “Nimesahau nilichokuja kuagiza.”

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, sijui kwa nani.

13 Februari
Nimelima tangu kabla ya jua mpaka nikashindwa kufungua vidole kwenye mpini. Esteri amevifungua kimoja kimoja. Anadhani barua iko mfukoni mwa koti.

Jumamosi, 14 Februari
Anania alikuja na kamba, na wazee wawili, na kijana mmoja Irakoze na mkewe Aline, wasio na ardhi, wamesimama nyuma kwa adabu wakitazama magugu yangu kama watu wanaotazama chakula.

“Barua, mzee wangu,” kasema Anania.

“Hakuna barua.”

Esteri akasema, “Iko kwenye koti! Evaristi, koti lile!”

“Hakuna barua,” nikasema, na nikaongeza kwa ile sauti ya redioni, ili nisiirudie. “Ofisi haikunizuia. Binti wa Kasulu hakunizuia. Alifanya kazi yake kila siku. Nilijizuia mwenyewe, kwa mkono huu, kila jioni saa kumi na mbili. Piteni na kamba.”

Wakapita na kamba. Kutoka kijitoni mpaka kichuguu ni yangu. Kutoka kichuguu kwenda juu, sehemu kubwa, yenye udongo mweusi, ya visiki nilivyong'oa mwaka wa 1974, ni ya Irakoze. Kijana alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimwonyesha tu kwa kidole pale panapotuama maji.

Walipoondoka nilikaa kwenye mkeka karibu na Esteri nikamweleza yote: waya, saa moja jioni, orodha ya majina, hata ile barua ambayo ilikuwa imeshaandikwa tarehe. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Aling'oa gugu moja, akalikung'uta udongo. Halafu akasema:

“Miaka thelathini na nane nimekaa nikisubiri useme umekosea. Ukaona uchague siku ya kamba.”

Akajisukuma kwa mikono akasimama, nyonga ikalia, akachukua kikapu cha mbegu.

“Haya inuka. Hapa padogo tutapamaliza leo.”